Mwalimu Nicanor Kituyi na Chuma cha Galaksi za Kwanza

Padre, Chifu na wazee wa mtaa, walimu, majirani wa mtaa wa West Indies, jamaa mliotoka Kimilili na ninyi mliotoka Nyeri, nyote mliokaa juani tangu asubuhi, familia inawashukuru kwa kusimama nayo, na inawaomba subira, kwa sababu historia inayosomwa leo Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 1989, ni ndefu kuliko tulizozizoea, na mwisho wake haufanani na wa nyingine. Imeandikwa kwa maelezo ya mjane, Mwihaki, aliyekaa pale mbele na binti zake wawili, na inasomwa na kaka yake Gerishon Waweru, mwenye duka la vyuma, ambaye si msomi, kwa hiyo pale ulimi utakapoteleza, walimu mlioko hapa mtamsamehe wala msimsahihishe mbele ya watu.

Marehemu Nicanor Kituyi alizaliwa tarehe 12 Machi 1944, katika shamba la mzungu karibu na Plateau, mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume wa Mzee Kituyi, aliyekuwa amekuja kutoka Kimilili kutafuta kazi ya kukamua ng'ombe, na Mama Leonida Nekoye, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi, ingawa hakuna mama aliyezaa akitarajia kukaa mahali alipokaa yeye leo.

Alianza masomo Januari 1952 katika shule ya shambani, iliyokuwa na chumba kimoja na mwalimu mmoja, na Mama Leonida anakumbuka kwamba mwaka wa pili alichapwa kiboko kwa kumwambia mwalimu amekosea hesabu, akaenda nyumbani akaifanya tena, akagundua kwamba mwenye kosa ni yeye, akarudi asubuhi kusema hivyo mbele ya darasa, akachapwa tena kwa kuleta habari hiyo. Aliendelea na shule ya kati, kisha akajiunga na sekondari huko Kakamega kuanzia 1960 hadi 1963, akamaliza kidato cha sita mwaka wa 1965, na mwaka huohuo akaingia chuo kikuu Nairobi, ambako alihitimu shahada ya fizikia na hisabati mwaka wa 1968.

Januari 1969 aliajiriwa kufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Eldoret, na mwaka mmoja baadaye akaletwa pale mwalimu mpya wa hesabu, msichana mrefu asiyecheka ovyo, binti wa Mzee Gathogo mwenye duka na Mama Waithira, ndiye Mwihaki. Walianza kwa kubishana juu ya mtihani wa majaribio uliotungwa na Nicanor, ambao Mwihaki alisema swali lake la nne halina jibu, na kwa kweli halikuwa nalo, na kutoka siku hiyo Nicanor hakutunga mtihani tena bila kumwonyesha. Wazee wa pande zote mbili walikunja nyuso, huku Mzee Gathogo akiuliza kama vijana wa Kikuyu wamekwisha Uasin Gishu, na huku wajomba wa Kimilili wakiuliza vivyo hivyo kwa lugha yao, mpaka siku ya mazungumzo Nicanor akaona jembe limetundikwa ukutani, akamwambia baba mkwe, "Mzee, hiyo jembe unauza, chuma yake ilipikwa ndani ya nyota," naye Mzee Gathogo akamtazama, akajibu, "Basi uniitie hiyo nyota, iniuzie kwa bei ya jumla." Kicheko kilichofuata ndicho kilichofunga ndoa hiyo, yale ya kanisani tarehe 18 Desemba 1971 yalikuwa kutia sahihi tu. Mungu aliwajalia binti wawili, Rael Nekoye mwaka wa 1973 na Maximilla Waithira mwaka wa 1979, kila nyanya akapata wajina wake, na kelele zikaisha.

Oktoba 1973, Rael akiwa na miezi minne, marehemu alikwenda Uingereza kwa masomo ya udaktari, si udaktari wa sindano, bali wa nyota, akarudi tarehe 9 Januari 1978 na masanduku mawili ya karatasi na koti moja zito ambalo halikumfaa tena. Hapa ndipo watu wengi wa Eldoret walipoanza kumshangaa, na ni haki yao, kwa hiyo familia imeona ni vizuri jambo alilolifanyia kazi lielezwe taratibu, kama alivyokuwa akilieleza mwenyewe kwa yeyote aliyemuuliza, hata kinyozi.

Alikuwa akisema kwamba ulimwengu ulipoanza haukuwa na chochote ila gesi nyepesi, hakuna chuma, hakuna oksijeni, hakuna hata kitu cha kutengenezea msumari mmoja, na kwamba vitu vizito vyote vilipikwa baadaye ndani ya nyota, nyota ikafa ikavitapika, na nyota iliyozaliwa baadaye ikaanzia kwenye gesi iliyokwisha kukolezwa na ile iliyoitangulia, sawa na sufuria ya mchuzi ambayo haioshwi, kila mpishi anaanza na alichoacha mwenzake. Sasa zipo galaksi, yaani jamii kubwa za nyota, mabilioni kwa mabilioni, nyingine kubwa kuliko hii tunayoishi, na mwanga wa baadhi yake umetoka mbali mno, yaani umetoka zamani mno, ulimwengu ukiwa bado mchanga, na mwanga huo unaonyesha kwamba tayari galaksi hizo zilikuwa zimejaa vitu vizito. Zilivipata wapi mapema hivyo? Nicanor alisema zilivipika vyenyewe, kwa haraka, na kwamba nyota kubwa za kwanza, zile zinazoishi kwa pupa na kufa zingali changa, zilitosha kutoa kila kitu, pamoja na chuma chote. Wapinzani wake walikubali oksijeni, lakini chuma wakakataa, wakisema sehemu kubwa ya chuma hutoka kwa nyota ndogo, ambazo hazina haraka ya kufa, na kwamba wakati ule zilikuwa hazijafa. Anayetaka kuifuata historia hii ashike hilo moja tu, kama nyota kubwa za kwanza zilitosha kwa chuma, au hazikutosha, maana ndilo lililomlaza na kumwamsha marehemu kwa miaka kumi na moja, na ndilo lililotufikisha hapa.

Kwa kuwa hakuwa na kompyuta, na Eldoret nzima haikuwa na moja ambayo angeruhusiwa kuigusa, mwaka wa 1980 alibuni kompyuta yake ya watu. Kila Jumamosi mchana, nyumbani kwao West Indies, walimu kumi na wawili wa hesabu na fizikia walikaa kuzunguka meza mbili zilizounganishwa, kila mmoja akiwa ni kizazi kimoja cha nyota, na wa kwanza alihesabu nyota zake zimezaliwa kiasi gani, zimekufa kiasi gani na zimeacha nini kwenye gesi, akampa karatasi wa pili, wa pili akampa wa tatu, hivyohivyo hadi wa kumi na wawili, Mwihaki akiwa kizazi cha kwanza kwa sababu hakuna aliyeaminiwa kuanza ila yeye. Nicanor alizunguka nyuma ya viti na birika la chai akiuliza, "Kizazi cha tano, mbona gesi yako imepungua hivyo, umekunywa?" Mwalimu Awuor, anayefundisha shule ya wasichana na ambaye yuko hapa leo, alikuwa kizazi cha tatu, na mpaka sasa kuna watu sokoni wanaomwita Mama Tatu bila kujua jina hilo lilitoka wapi.

Mwezi wa Mei 1981 hesabu ilifika mwisho, chuma kikatosha na kubaki, watu wakala mandazi, wakapigana mabega, na Mwihaki anasema hajawahi kumwona mumewe mwenye furaha namna ile, hata siku ya harusi, jambo ambalo hakulifurahia sana. Julai mwaka huo Nicanor alipeleka jibu lake kwenye mkutano wa wanasayansi Nairobi, akalisoma vizuri, akapigiwa makofi, kisha mgeni mmoja mzee aliyekaa nyuma akanyoosha mkono akauliza swali moja tu, kwamba hizo nyota ndogo ambazo chuma chake kimo katika jumla hii, zilikufa lini?

Nicanor alisimama pale mbele, akaanza kupekua karatasi zake, kizazi kimoja baada ya kingine.

Kosa lenyewe, ndugu zangu, lilikuwa la watu wa kazi hiyo, si la mjinga. Kuhesabu kila nyota na siku yake ya kufa ni kazi ya kuua mtu, kwa hiyo wao wana njia ya mkato, wanachukulia kwamba nyota ikizaliwa leo inarudisha leoleo kila kitu itakachorudisha, na kwa galaksi iliyozeeka mkato huo hauna madhara, kwa kuwa hata zile zenye maisha marefu zimekwisha kufa. Lakini kwa galaksi changa, ni kugawa urithi wa mtu ambaye bado anachunga ng'ombe wake. Walimu wale kumi na wawili walikuwa wamejumlisha chuma kilichokuwa bado ndani ya nyota zilizo hai. Nicanor alirudi Eldoret, akangoja Jumamosi, akawaambia wote wakiwa wameketi, "Nimewapoteza. Tuanze upya, na safari hii kila nyota itoe siku imekufa," na hakuna aliyeondoka, ingawa walijua sasa kila kizazi kitalazimika kubeba hesabu za vizazi vyote vilivyotangulia, na kwamba kazi ya mchana mmoja imekuwa kazi ya miezi.

Walianza Septemba 1981, wakaenda vizuri hadi kizazi cha nne, kisha ukafika Agosti 1982, na yale ya wanajeshi waliotaka kuipindua serikali wote tunayajua na hatuna haja ya kuyarudia hapa. Wiki chache baadaye chifu wa wakati huo, siye huyu tuliye naye, ambaye tunamshukuru kwa kibali cha mkutano wa leo, alifika mlangoni kwa adabu kabisa, akauliza ni kwa nini watu kumi na wawili wanakutana kila Jumamosi bila kibali, wakiwa na karatasi, wakizungumza habari za nani atakufa lini. Nicanor alimweleza kwa saa nzima, tangu gesi nyepesi hadi chuma, na chifu akasikiliza, akamaliza chai yake, akasema, "Mwalimu, mimi nimekuelewa. Lakini wale wa juu, nikiwaambia ni nyota, hawatanielewa." Jumamosi iliyofuata kiti hakikuwekwa, mmoja akahamishiwa Garissa, mwingine Lamu, wengine wakaanza kupita upande wa pili wa barabara wakimwona, wala Mwihaki hakuwalaumu, kwa sababu wote walikuwa na watoto.

Mwaka wa 1984 mwalimu wake wa Uingereza alimwalika aende na hesabu zake, kwani kule kulikuwa na kompyuta ambayo ingezimaliza kabla ya chakula cha jioni, na Nicanor akaomba pasipoti katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa, akaambiwa arudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ikaenda miaka miwili, mpaka mwaliko ukaisha. Alikuwa akirudi kutoka safari hizo na kukaa kwenye ngazi ya nje na viatu mkononi, na Mwihaki alikuwa akimwacha akae, kisha akamletea chai, kisha akamletea karatasi. Kwa kuwa wale kumi na mmoja walikuwa wamekwenda, yeye sasa alikuwa vizazi vyote. Alifundisha mchana kutwa, akasahihisha madaftari ya watoto wa watu, akapika, kisha akakaa na kalkuleta ndogo kumsomea mumewe tarakimu, naye akiandika, kisha wakabadilishana ili kosa la mmoja lionwe na mwingine, na siku moja, vidole vikiwa vimemuuma, alimuuliza, "Baba Rael, kwani hizi nyota zikikosa chuma, ni sisi tutapelekwa kortini?" Marehemu alicheka hadi akakohoa, lakini hakuacha, na yeye Mwihaki hakuacha, na ukimuuliza leo ni kwa nini hakuacha, anasema tu kwamba ilikuwa nyumba yao, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya nyumba yao.

Mwaka wa 1985 marehemu alihamia chuo cha Chepkoilel kufundisha fizikia, na wanafunzi wake waliopanga foleni kumuaga asubuhi ya leo wanatosha kueleza alivyofundisha.

Mei 1986 miguu yake ilianza kuvimba, tukadhani ni viatu, kisha uso ukavimba asubuhi, na hospitali ya misheni ya Plateau ikampima na kumwambia kwamba figo zake zinakufa. Madaktari wale walimtunza kwa miaka mitatu kwa dawa na kwa ukweli, na dawa ziliposhindwa, tarehe 11 Aprili 1989, wakampeleka Nairobi kwenye mashine ya kusafisha damu, wakisema mwili wake hautaweza tena bila hiyo. Mashine hiyo Eldoret haikuwepo, maana yake ni kwamba mtu akitaka kuishi sharti akae Nairobi, naye Mwihaki alikuwa na kazi na watoto huku, kwa hiyo Nicanor alilala kule peke yake katika chumba cha jamaa, akaoshwa damu, akarudi kitandani, akaoshwa tena, hesabu zikiwa zimesimama kwenye kizazi cha nane.

Mwihaki alikwenda kumwona kila alipopata ruhusa, na mara ya kwanza Nicanor alipomwomba amrudishe nyumbani alikataa, akamkaripia, na mara ya pili alikataa akilia. Mara ya tatu Nicanor alimwambia, "Hapa naoshwa damu, lakini sifanyi kitu. Nipeleke nyumbani tumalize," na daktari wa Nairobi akawaketisha wote wawili, akasema bila kuzungukazunguka kwamba bila mashine itakuwa miezi, si miaka, na huenda ikawa michache sana. Tarehe 17 Juni 1989 Mwihaki alimleta Eldoret. Familia ilimlaumu, mbele yake na nyuma yake, wengine wakasema amechoka kuuguza, na kati ya waliosema hayo wengine wako hapa wamevaa vizuri, lakini hakuna neno walilosema ambalo yeye hakuwa amejiambia kwanza. Alimrudisha kwa sababu aliamini chuma kitatosha. Mwihaki ametaka lisomwe wazi kwamba aliamini hivyo, kwamba hakumrudisha aje kufa, alimrudisha aje kushinda.

Julai walimaliza kizazi cha nane, Agosti cha tisa, na Septemba, mkono wa Nicanor ukiwa hauwezi tena kushika kalamu, alilala macho yamefumbwa akisikiliza tarakimu, akinyanyua kidole pale alipotaka irudiwe, na kizazi cha kumi kilimalizikia wodini Plateau, manesi wakipita kando ya kitanda na kuuliza kama ni Rozari. Chuma kilikuwa kinapanda, lakini kwa uvivu. Wote wawili walikuwa wanaona, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tarehe 7 Oktoba, mbele ya Mama Leonida, Nicanor alisema na mkewe kwa mara ya mwisho kwa sauti iliyosikika, akamwambia, "Mama Rael, malizia hizo mbili. Ikitoka vizuri wasomee watu siku ya kunizika, na ikitoka vibaya wasomee pia," na Mwihaki alipomjibu kwamba hatakuwa anasikia, akasema, "Wao watasikia. Mwaka wa themanini na moja niliwaambia imetosha, wakala mandazi yangu. Siwezi nikaenda hivyo." Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Oktoba 1989, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, mkewe na mama yake wakiwa kando yake, na vizazi viwili vya nyota vikiwa bado.

Wote mliofika West Indies kutoa pole mliona kitu ambacho hamkukielewa, na ni vema kielezwe. Kwa desturi za upande wa marehemu mjane hukaa chini, hashiki kazi, anaombolezewa na kuomboleza, lakini Mwihaki alikaa chini kweli, juu ya mkeka, na kalkuleta kwenye paja na karatasi magotini, akiwasalimu watu kwa kichwa, na shangazi waliotoka Kimilili wakanong'ona kwamba huyu anapanga bajeti ya mazishi, na mmoja akasema kwa sauti kuwa hiyo ni aibu, mwili haujatoka mochari na mke anapiga hesabu. Mama Leonida Nekoye ndiye aliyewanyamazisha. "Kila mtu na kilio chake," akasema, "huyu analia na namba. Mwacheni alie amalize." Kutoka hapo hakuna aliyemgusa, isipokuwa Maximilla, aliyekuwa akimshikia taa stima ilipopotea.

Alimaliza Alhamisi, tarehe 19 Oktoba, kabla ya adhuhuri. Alitazama karatasi, akarudia jumla za kizazi cha kumi na mbili, akapata vilevile, akarudia za kizazi cha kumi na moja, akapata vilevile, kisha akatuma watu wamwite Mwalimu Awuor. Mama Tatu alikuja, akafunga mlango wa chumba cha watoto, akakagua jumla za vizazi vyote bila kuona jibu la mwenzake, akatoka Ijumaa mchana na karatasi yake, na zile karatasi mbili zikawekwa pamoja mezani. Zilikubaliana. Mwalimu Awuor alikaa kwenye kiti cha Nicanor akalia kama mtoto, na Mwihaki hakulia, alikuwa anapanga karatasi ziwe sawa pembeni, anazigonga mezani, anazipanga tena.

Jana jioni wazee wa familia walikaa juu ya jambo hili, na wengi walitaka lifunikwe, na Mzee Kiarie, mjomba wa Mwihaki, aliyemnunulia sare ya kwanza ya shule na anayempenda kama mwanawe, akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, andika tu alifaulu. Nani hapa atapanda juu ahesabu?" Alikuwa na haki, kwa kuwa katika umati huu wote, ukimwondoa Mwalimu Awuor, hakuna hata mmoja ambaye angejua, wala leo, wala kesho, na mtu angezikwa kwa sifa, watoto wake wakabaki na jina, na mkewe akapata usingizi. Mwihaki alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu polepole, "Mjomba, kwa hii kazi ukiweka namba moja ya uongo, zote zinazofuata zinaharibika. Mimi ndiye ninafuata."

Kwa hiyo hili ndilo jibu, nalo linasomwa kama alivyolitaka. Nyota kubwa za kwanza, katika galaksi kubwa, ulimwengu ukiwa mchanga, kila nyota ikihesabiwa siku yake ya kufa, zilitoa oksijeni ya kutosha, na chuma chini ya theluthi moja ya kilichohitajika. Kilichobaki kilikuwa lazima kitoke kwa nyota ndogo, baadaye, kwa wakati wake, kama yule mgeni wa Nairobi alivyodhani. Mwalimu Nicanor Kituyi alikosea mwaka wa 1981, akakosea miaka yote minane iliyofuata, akaiacha mashine ya Nairobi kwa ajili ya kosa hilo, na mkewe akamsaidia kuiacha. Mwihaki anawaomba jambo moja, kwamba mkija kumshika mkono msimwambie yalikuwa mapenzi ya Mungu, na msimwambie kazi haikupotea, mshikeni mkono tu.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari, manesi na wahudumu wa hospitali ya Plateau, ambao hawakutudanganya hata siku moja, kwa daktari na wauguzi wa Nairobi, kwa walimu wenzake na wanafunzi wa Chepkoilel waliobeba jeneza, kwa majirani wa West Indies waliopika kwa siku kumi na moja bila kuombwa, kwa Padre na jumuiya ndogo ndogo, kwa Chifu, kwa Mama Leonida, na kwa wale vizazi kumi na wawili, mmoja mmoja, pamoja na yule aliyefika leo kutoka Garissa akiwa amesafiri siku mbili na akasimama nyuma kabisa, tumekuona, Mwalimu, njoo mbele ukae.

Nicanor, mwana wa Leonida, mume wa Mwihaki, baba wa Rael na Maximilla, hesabu imefika mwisho, chuma hakikutosha. Umeambiwa mbele ya watu wote, na aliyekuambia ni mkeo.

Lala kwa amani.